Wanasema naendesha hosteli, mimi najua napangisha vyumba

Kaka mshauri, habari za siku.

Mimi ni mjane, nesi mstaafu, nakaa Longuo hapa Moshi. Nyumba tuliijenga na marehemu mume wangu mwaka 1998. Kibali tulikata, ramani ipo, hati ipo. Ilikuwa nyumba ya familia: vyumba vinne vya kulala, sebule, chumba cha chakula, gereji, na uani kibanda cha vyumba vitatu. Watoto wakaondoka mmoja mmoja, mzee naye akatangulia, nikabaki na nyumba inayonizidi na kiinua mgongo kilichokwisha.

Hapa kwetu wanafunzi hawakosekani. Nilianza na mabinti wawili wa uuguzi, nao wakaleta wenzao. Mwaka uliofuata fundi akanikatia sebule kwa plaiwudi ikawa vyumba viwili, chumba cha chakula kikawekwa mlango, na gereji ikazibwa kwa tofali pale gari lilipokuwa likiingilia, kikaachwa kidirisha juu. Mimi nimehamia chumba kimoja cha uani. Vilivyobaki ni vyumba kumi: vinane wanakaa wawili wawili, viwili mmoja mmoja, jumla mabinti 18. Kila mmoja analipa 60,000 kwa mwezi, maji na umeme humo humo. Vyoo ni vitatu, viwili ndani na kimoja nje. Chuo kikifungwa nakodisha vyumba kwa wageni, hasa wiki ile ya marathoni mwisho wa Februari, na Desemba watu wanaporudi nyumbani. Hapo usiku mmoja napata 30,000.

Naomba uelewe sifugi wahuni. Wavulana hawaingii. Saa nne usiku nafunga geti na mlango mkubwa, ufunguo nalala nao chini ya mto. Wazazi wananipigia simu kunishukuru.

Wiki mbili zilizopita walikuja watu watatu kutoka halmashauri, bwana afya akiwa mmojawapo. Walikuwa wastaarabu, hata chai walikunywa. Walihesabu vitanda, walipima vyumba kwa tepu (vile vya plaiwudi waliandika mita 2.1 kwa 4.6), wakafunua karo la maji taka. Karo limekuwa likifurika tangu masika, na jirani yangu wa upande wa chini, mzee wa watu, alishanilalamikia mara mbili. Wakaacha barua kwamba nyumba ya makazi imegeuzwa kuwa hosteli bila kibali, na kwamba nina siku 30 za kujieleza na kuwasilisha maombi, au niirudishe ilivyokuwa. Kwenye ukuta wa gereji wakapiga X nyekundu na maneno LETA KIBALI. Tangu hapo silali. Kila anayepita kwenda dukani anaisoma.

Kijana wangu aliyeko Dar anasema nijibu kwamba hawa ni mabinti wa ukoo, niliwachukua kuwasaidia. Dalali aliyekuwa akiniletea wapangaji anataka laki tatu "aiweke sawa". Na mtaa wa pili kuna nyumba ya korido katikati, vyumba vinane, imejaa wapangaji na watoto wao, wala hawakuguswa.

Sasa nauliza: nyumba ya kupanga inageukaje hosteli? Anayeamua ni nani? Na hawa watoto wana mitihani mwezi wa saba. Nikiwatoa leo nawapeleka wapi?

Mama wa Longuo

*

Dada yangu, pole. Tuanze na ukuta, maana ndio unaokunyima usingizi.

Nimefanya ukaguzi wa majengo miaka mingi kabla ya kustaafu, na ndoo ya rangi nyekundu nimeibeba kwa mkono wangu. X yenyewe haina maana moja. Maneno yaliyo pembeni yake ndiyo yenye maana. BOMOA ni habari nyingine kabisa. SIMAMISHA UJENZI ni amri ya kuweka mwiko chini. LETA KIBALI ni swali: wanataka karatasi. Kwa hiyo hakuna greda linalokuja kesho asubuhi. Ila usije ukaifuta wala kuipaka chokaa juu. Niliwahi kumkuta bwana mmoja amepanda maua ya kutambaa mbele ya X yake, yakastawi vizuri kweli, na siku tuliporudi ndiyo aliyotuonyesha kwanza. Haikumsaidia.

Sasa hilo la hosteli. Wenye nyumba wengi wanadhani nyumba inakuwa hosteli siku unapotundika kibao. Wengine wanadhani ni hesabu ya vyumba tu. Sisi tulipokuwa tukiingia kwenye nyumba tulikuwa na swali moja kabla ya mengine yote: hapa kinachopangishwa ni nini? Ukimpa mtu nyumba nzima, akaja na mkewe, watoto na shemeji, hiyo ni nyumba ya kuishi familia hata wakiwa kumi na wawili. Ukimpa chumba, na yeye na wa kwake wanajipikia na kufunga mlango wao kwa kufuli lao, umepangisha chumba. Ukimpa kitanda, na mwenzake wa kitanda cha pili hakumchagua yeye, na saa ya kuingia umeipanga wewe, hiyo ni hosteli. Na ukimpa usiku, ni gesti.

Rudia barua yako. Hukusema chumba ni laki na ishirini. Umesema kila mmoja analipa 60,000. Umesema wavulana hawaingii, saa nne unafunga, wazazi wanakupigia. Dada, hiyo ni kazi ya matroni, na inaonekana unaifanya vizuri. Nyumba ya mtaa wa pili ina kelele na watoto, lakini kila mlango pale ni kaya yake. Nyumba ya korido ya vyumba sita au vinane imechorwa hivyo tangu msingi, na miji yetu imeijua kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Sisemi iko salama. Pengine zamu yake inakuja. Lakini ukienda ofisini ukaanza na "mbona fulani", utakuwa umemchongea jirani bila kujitetea wewe.

Na zile wiki za marathoni na Desemba ziache mara moja, kabla hata hujajibu barua. Usiku wa 30,000 unakuingiza kwenye leseni ya biashara, ushuru wa nyumba za kulala wageni na daftari la wageni, mambo ambayo hata hao watatu hawajakuuliza. Usiwape sababu ya kuuliza.

Umeuliza nani anaamua. Fungua kabati, toa hati. Imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo mwite mmoja wa hao mabinti akusaidie. Kati ya masharti utakuta moja linalotaja matumizi: ardhi na majengo yatatumika kwa makazi tu, Kundi A, kisha herufi ndogo kwenye mabano. Hati nyingi za umri wa yako zinataja kanuni za mwaka 1960, siku hizi ziko mpya za 2018, ila utaratibu ni ule ule: kila kiwanja kina kundi, na ndani ya kundi kuna madaraja. Hilo ndilo sharti ulilokubali mlipopewa ardhi. Ukilivunja, anayefuatilia masharti ya hati ni Kamishna wa Ardhi, anayeweza kukutoza faini, na mambo yakizidi, kuanzisha hatua za kubatilisha miliki. Sijaona mjane akifikishwa huko kwa ajili ya sebule iliyokatwa. Nakutajia ujue kwa nini barua haikuzungumzia plaiwudi peke yake.

Halafu kuna Sheria ya Mipangomiji, Namba 8 ya 2007. Wengi wanaposikia "uendelezaji" wanawaza saruji na nondo. Kwenye sheria hiyo, kubadilisha matumizi ya jengo nako ni uendelezaji, hata kama hukugusa tofali. Kwa hiyo hoja ya "kibali ninacho tangu 1998" haitakufikisha mbali. Kibali chako kiliruhusu familia ya vyumba vinne. Hoja ya "mbona nalipa kodi ya jengo kwenye LUKU" ndiyo usiitaje kabisa. Tangu 2021 mita inakata kodi kwa kila mtu, haiulizi nani analala ndani.

Ushauri wa kijana wako ni wa mapenzi, lakini ni mbaya. Mabinti 18 wa ukoo mmoja, mmoja wa Bukoba, mwingine wa Songea, kila mmoja na kitambulisho cha chuo? Bwana afya atamuuliza mmoja tu jina la shangazi yake, na hapo kosa la kukosa kibali litakuwa limezaa la kudanganya maofisa kwa maandishi, tena kwa saini yako. Dalali naye mwache. Hana faili, hana muhuri, hana kiti kwenye kikao chochote. Akikusumbua, namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Sasa nataka tuzungumze jambo ambalo wewe umelitaja kama sifa, na mimi limenifanya niweke kikombe chini. Ufunguo chini ya mto.

Tembea nami humo ndani saa nane usiku. Wewe uko uani. Ndani, tukiiacha gereji, wamelala mabinti kwenye vyumba saba, hebu tuseme 13 hivi. Madirisha yana nondo, maana nyumba gani ya Moshi ya 1998 haina nondo. Mlango mkubwa umefungwa kwa ufunguo ambao haupo ndani. Mmoja anasoma mitihani, amechomeka hita ya kuchemshia maji kwenye ekstensheni yenye simu nne na pasi. Nyaya za sebule ziliwekwa kwa ajili ya taa mbili na redio. Ukuta unaowatenganisha ni plaiwudi. Unajua plaiwudi inavyowaka, umewasha nayo moto wa kuni. Sasa huyo wa chumba cha ndani cha sebule, kile ambacho dirisha lake halisi limebaki upande wa mwenzake, anatoka wapi?

Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa hili kwa takwimu. Shauritanga, Rombo, 1994: bweni liliungua usiku na wasichana wapatao arobaini wakafa. Wewe ulikuwa nesi, hayo unayajua kuliko mimi. Siwafananishi. Nakwambia tu kwamba mkaguzi wa umri wangu akiona vitanda vingi nyuma ya nondo na mlango mmoja, hilo ndilo linalomjia kichwani kabla ya kanuni yoyote.

Kuna wanaoona haya ni mambo ya kusumbua maskini. Uingereza, ambako nyumba za namna yako ni nyingi kuliko huku, sheria yao ya nyumba ya 2004 inaweka kundi maalumu la nyumba zinazokaliwa na watu wa kaya tofauti wanaoshiriki choo au jiko. Watu wakifika watano, wa kaya mbili au zaidi, mwenye nyumba lazima awe na leseni. Na tangu 2018 vyumba vya leseni hizo vina kipimo cha chini: mita za mraba 6.51 kwa mtu mzima mmoja, 10.22 kwa wawili. Si sheria yetu, usiende nayo ofisini. Nakupa kama tepu ya mfukoni tu. Vyumba vyako vya plaiwudi, 2.1 kwa 4.6, ni mita 9.66. Kwa mmoja ni kikubwa, kwa wawili hakifiki hata kwa hao wenye baridi na vyumba vya kubanana. Tena wenye nyumba wa kule wanalalamika maneno yale yale unayolalamika wewe.

Basi tufanye hivi. Vyumba viwili vinafungwa wiki hii: kile cha ndani cha sebule kisicho na dirisha, na gereji. Hao ni mabinti wanne. Wawili waulizwe kama watakubali kuingia kwenye vile vyumba vya mtu mmoja mmoja, na wenyeji wao waulizwe pia, usiwashtukize. Wawili waliobaki watafutie sehemu mtaani na uwarudishie kodi ya siku ambazo hawakukaa. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua kwa upangaji mfupi, na mpangaji wa mwezi kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi. Kwa hiyo huwatoi, unawaomba na unawalipa. Chumba cha nje cha plaiwudi kina dirisha, kibaki mpaka mitihani iishe, kisha plaiwudi yote ing'olewe na sebule irudi kuwa sebule. Mwezi wa nane utakuwa na vyumba saba na mabinti 14. Mapato yatashuka kutoka 1,080,000 hadi 840,000. Najua inauma. Lakini laki tatu za dalali zinabaki mfukoni, na unapata sebule.

Karo linyonywe kabla hujaandika neno lolote. Ita gari la maji taka, lipia, tunza risiti. Halafu mwende mkaone na fundi kama shimo lenyewe linatosha au linahitaji la pili, kwa sababu lilichimbwa kwa familia na sasa linahudumia watu 19. Risiti hiyo mpelekee yule mzee jirani, wewe mwenyewe, na ndizi mkononi. Siongei adabu tu hapa. Maombi ya kubadilisha matumizi yakiingia, majirani hupewa nafasi ya kusema, na mtu aliyevumilia harufu tangu masika ana mengi ya kusema. Nadhani hata hao watatu hukuwapata kwa bahati mbaya, lakini usiende kumuuliza.

Kisha barua. Iwe fupi, ukurasa mmoja, na isiwe ya kulia. Taja kumbukumbu namba na tarehe ya barua yao. Sema ukweli: nyumba ilijengwa 1998 kwa kibali hiki, wakazi ni wangapi, umefunga vyumba viwili tarehe fulani, karo limenyonywa, na unaomba muda mpaka mwisho wa mwezi wa saba ili wanafunzi wamalize mitihani wakati unaandaa maombi ya mabadiliko ya matumizi na michoro ya nyumba jinsi itakavyokuwa. Ambatisha nakala ya hati, ya kibali cha zamani na risiti ya karo. Peleka nakala mbili, moja waigonge muhuri wa kupokelewa, rudi nayo nyumbani. Hiyo nakala yenye muhuri ina thamani kuliko maneno yote mtakayoongea pale kaunta. Ndani ya zile siku 30, tafadhali, wiki mbili zimeshakwenda.

Michoro asikuchoree fundi aliyekata sebule. Tafuta mbunifu majengo aliyesajiliwa, mchoro wa nyumba iliyopo si ghali kama wa ghorofa. Maombi ya vibali siku hizi yanapita kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, waombe ofisini wakuelekeze au mpe binti mmoja mwenye simu nzuri. Watu wa zimamoto waombe wenyewe waje kukagua kabla hawajatumwa, watakwambia mitungi ya kuzimia moto ikae wapi na nondo za dirisha lipi zifunguke kwa ndani. Namba yao ya dharura, 114, iandike kwenye mlango wa kila chumba.

Wakikukatalia kabisa, je? Inawezekana. Huenda mtaa wako haukupangiwa hosteli. Hapo una njia nyingine ya halali, kurudi kwenye vyumba vinne na familia moja au mbili za kupanga, na kibanda chako cha uani. Kushtaki, fikiria mara tatu. Watu watakwambia nenda Baraza la Kata. Baraza hilo ni la kusuluhisha mgogoro wako na jirani. Halmashauri tangu marekebisho ya 2020 inashtakiwa kama Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na kesi iko Mahakama Kuu. Kwa wakili wa kesi hiyo ungejenga vyoo vitano.

Na vyoo, nilitaka kusahau. Vitatu kwa watu 15 si vibaya sana, ila kile cha nje kiwekwe taa na komeo la ndani kabla wakaguzi hawajarudi.

Siku utakayotoka ofisini na nakala iliyogongwa muhuri, niandikie wamekubali vyumba vingapi. Ila la ufunguo halisubiri ofisi. Mwite fundi leo abadilishe kitasa cha mlango mkubwa kiwe cha kufungulia kwa ndani bila ufunguo. Fundi asipopatikana, leo usiku ufunguo ulale ndani, kwenye msumari karibu na mlango, na kila binti aonyeshwe ulipo. Geti unaweza kuendelea kulifunga saa nne.